Viumbe Hai: Hakuna

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na tisa na picha za rangi, na niliisoma yote nikiwa nimesimama, kwa sababu karani wa masijala alisema kiti ni cha wageni wenye miadi. Ukurasa wa kumi na moja, sehemu ya nne, nilikuta maneno matatu yaliyonifanya nimuulize yule karani kama ana maji ya kunywa. Viumbe hai: hakuna.

Bonde lililoandikwa hapo liko nyuma ya gereji zetu. Kazi yangu ni kuziba rejeta za magari zinazovuja, na nimeifanya palepale kwa miaka thelathini na moja. Ukifungua mlango wa nyuma wa kibanda changu unaliona bonde lote, pana kama viwanja viwili vya mpira. Mvua ikinyesha linajaa maji hadi kwenye rundo la matairi chakavu. Kiangazi kikiingia linakauka, tope linapasuka vipandevipande kama kigaga cha kidonda. Manispaa ilitaka kulifukia liwe maegesho ya malori. Sheria inasema afisa mazingira akague kwanza, basi afisa mazingira akaja kukagua, katikati ya kiangazi. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama ukingoni na viatu vyake vilivyong'arishwa, akapiga picha nne, akaondoka kabla risasi ya kuzibia niliyokuwa nimeiyeyusha haijaganda.

Mimi nilijua nani amelala mle chini. Sikusoma sana, darasa la sita lilinitosha, au mimi ndiye niliyelitosha. Lakini mwaka wangu wa pili pale gereji nilinunua boliti, muuza vipuri akanifungia kwenye ukurasa wa kitabu cha biolojia. Ukurasa ulieleza samaki aitwaye kamongo, mwenye mapafu kama yako na yangu. Maji yakikauka anachimba tope, anajikunja, mkia unafunika macho, anajizungushia ute unaokauka na kuwa kama ganda la kitunguu, halafu analala. Miezi minane, mwaka, hata zaidi. Anapumua kwa tundu dogo lililopanda hadi juu. Nikalikimbilia lile duka kuuliza kitabu kilichobaki. Kilibaki kuanzia ukurasa wa mia na kumi na mbili. Ndiyo maana najua habari za mapafu, figo na mizizi, na mpaka leo sijui biolojia inaanzaje.

Kiangazi kile kile nilitembea bondeni nimeinama kama mtu aliyepoteza pete, nikayaona matundu. Tundu la kuingia kalamu. Ukibisha ardhi kwa mpini wa nyundo halafu ukilaza sikio, unasikia mtu akikoroma. Toka hapo, kila kiangazi niliyahesabu.

Gereji nzima wananiita Barua. Nimeandika barua mia mbili na kumi na sita kwa ofisi za kila aina, na nakala zake zimo kwenye sanduku la bati chini ya meza yangu. Nakumbuka walivyofukia kisima cha mtaa na kusema kilikuwa kimekauka. Nakumbuka jina la aliyetia saini. Watu husema nina kinyongo, na mimi huwaambia kinyongo ni kumbukumbu ya mtu ambaye hakulipwa kusahau.

Jumatano nilienda kwa afisa mwenyewe. Kijana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, mafaili yamempanda hadi kidevuni.

"Mzee wangu," akasema, "wakati wa ukaguzi hapakuonekana kiumbe."

"Ulitafuta?"

"Niliangalia."

"Mtu akilala kwake kafunga mlango, wewe ukapita barabarani usimwone, utaandika nyumba haina watu?"

Akatabasamu. "Haya, tuseme wapo. Wana faida gani?"

"Jana umeandika hawapo, leo unauliza faida yao. Chagua moja, mwanangu, nijue nabishana na lipi."

"Si mimi, ni fomu. Fomu ina nafasi ya kiumbe, na mbele yake ina nafasi ya faida kwa jamii. Dawa? Utalii? Au wanakula mbu?"

"Humu ofisini mko wangapi?"

"Saba."

"Nani kati yenu anakula mbu?"

Akatazama meza za wenzake.

"Hakuna hata mmoja," nikasema, "na sijasikia mtu akiagiza mfukiwe."

Karani kwenye meza ya pembeni alicheka, akajifanya anakohoa. Afisa alisugua macho. Akaniambia kwa sauti ya chini, na lazima nikiri alisema kwa nia njema, kwamba kifusi cha kwanza kinamwagwa Jumatatu. Ningemwonyesha samaki mmoja akiwa hai mle bondeni kabla ya siku hiyo, angebadilisha ripoti. Ripoti ikibadilika, kazi inasimama mpaka watoke wataalamu makao makuu, na wataalamu wa makao makuu wanajulikana kwa kuchelewa. "Mvua zingewakuta njiani," akasema.

Nikatoka pale nimesimama wima kama mshumaa. Alhamisi saa nne asubuhi, tulikubaliana.

Dada yangu anashona viti vya magari, kibanda cha tatu kutoka changu. Ananizidi miaka minne na hajawahi kuniruhusu nisahau. Nilimkuta na sindano mdomoni, goti limeibana ngozi ya kiti cha basi. Nikamweleza yote.

"Usichimbe," akasema.

"Nisipochimba wanafukiwa, dada."

"Ukichimba wanajulikana."

"Ndicho ninachotaka. Wajulikane."

Akatoa sindano mdomoni ili aniseme vizuri. "Wewe tangu utotoni unadhani watu wakilijua jambo watakuwa wema. Sijui wazo hilo ulilitoa wapi. Baba hakuwa nalo, mama ndiyo kabisa. Sema bondeni kuna nyoka. Kila mtu hapa anaamini tayari."

Hilo lilikuwa kweli. Kila masika mtu alikuwa anakiona kitu kirefu kikijipinda majini, anakimbia akitangaza joka. Kwa sababu hiyo hakuna aliyetia hata ndoana mle. Nami kila masika nilikuwa nasimama mlangoni kuwaelimisha kwamba si joka. Hawakunisikiliza, na nilikasirika kwelikweli kwa kutosikilizwa.

"Nimewabishia miaka thelathini," nikamwambia, "leo nigeuke niseme ni nyoka?"

"Unataka samaki wapone, au unataka ushinde ubishi?"

"Nataka vyote."

"Haya," akasema, akarudisha sindano mdomoni. Dada yangu akisema haya kwa namna ile, maana yake amekuachia ulimwengu uje ukufunze.

Sasa nieleze kosa langu, na nilieleze bila kulipaka rangi. Afisa aliniambia nimwonyeshe yeye. Yeye peke yake. Lakini walipofukia kile kisima, ofisi ilisema hapakuwa na mashahidi, na mimi niliapa sitaingia tena kwenye shauri bila mashahidi. Basi Jumatano jioni nikachukua ubao, nikaandika kwa herufi kubwa: NJOONI MJIONEE WANAOISHI BONDENI, ALHAMISI SAA NNE. Nikaupigilia misumari kwenye ukuta wa jirani yangu, mpaka rangi wa magari, tunayemwita Rangi, maana pale ndipo kila mtu hupita. Rangi akausoma mara mbili akasema, "Barua, leo umeandika kwa umma, si kwa serikali. Ofisi zimekuchosha?"

Walikuja watu kama themanini. Mafundi, madereva, kina mama wa mtaa wa pili, wapita njia waliodhani kuna ajali. Afisa alikuja na viatu vilevile. Nilichimba na mtaimbo kwanza, halafu koleo, halafu kwa mikono, kwa sababu ganda ni laini na ukiteleza umemuua. Nilitoka jasho mpaka miwani ikaanguka. Karibu na kina cha mkono mzima nikalifikia donge. Nikalikata tope pembeni, nikalipandisha limekaa kwenye viganja vyangu kama mkate, nikalipasua.

Alikuwa amejikunja, rangi ya udongo, mkia juu ya macho, ute uliokauka umemshika kama karatasi. Hakutikisika. Mtu mmoja akasema, "Kafa huyo." Nikamweka kwenye karai la maji.

Tulingoja. Themanini wale, walioacha gari zao wazi na chai zao zikipoa, walinyamaza kwa muda ambao sijawahi kuupata kwenye mkutano wowote niliouitisha. Ganda likalainika. Mkia ukafunguka kidogo kidogo. Vile vijipezi vyake, vyembamba kama nyuzi za viatu, vikajinyoosha. Halafu akainua pua juu ya maji, akafungua mdomo, akavuta pumzi. Ilisikika. Ile sauti ya mtu mzima anayekaa kitini baada ya safari ndefu.

Nikamtazama afisa, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amechuchumaa kwenye vumbi, viatu amevisahau. Nilidhani nimeshinda. Sikudhani tu, nilikuwa na hakika.

"Ana kilo ngapi huyo?" akauliza Rangi.

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Halafu nikapanda juu ya kifusi cha tope langu nikahutubia. Niliwaambia samaki huyu hajatuomba kitu na hana cha kutupa. Nikasema alikuwepo kabla ya gereji, kabla ya barabara, na kwamba hakuumbwa kwa ajili ya fomu ya mtu. Yupo kwa ajili ya kuwepo kwake, kama wewe ulivyopo, na hakuna aliyekutaka utoe risiti kwa kuzaliwa. Wakapiga makofi. Nakumbuka nani alipiga na nani alikunja mikono.

"Na wako wangapi?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa adabu kabisa.

Swali la namna hiyo nimelingoja miaka thelathini. Nikamjibu kama mwalimu aliyepata mwanafunzi: matundu mia na ishirini na saba kwa hesabu ya mwaka huu. Nikawaonyesha tundu lilivyo. Nikawaonyesha namna ya kubisha kwa mpini na kulaza sikio. Watu wakapanga foleni wasikilize, mmoja mmoja, na mimi nikawa nawashika mabega kuwaelekeza. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake na mkasi mkononi. Alinitazama, akaingia ndani.

Afisa alipima, akapiga picha, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Nitaandika upya, mzee. Nakuahidi."

Yule wa kwenye karai nilimhamishia kwenye birika langu la kazi, lile la saruji ninalozamishia rejeta kuona povu linatokea wapi. Nilitaka apumzike mpaka Jumatatu, kazi ikishasimamishwa nimrudishe kwenye tope la ukingoni na maji ya kutosha.

Ijumaa nilifika gereji saa moja asubuhi. Nilisikia kabla sijaona. Majembe.

Walikuwa wamesambaa bonde zima, wamegawana kwa mistari kama shamba la mkataba. Watu wazima walikuwa wamepiga magoti wakibisha ardhi kwa mipini ya nyundo na kulaza masikio, sawasawa kama nilivyowafundisha. Wengine hawakuwa na subira ya mikono, waliingiza sululu moja kwa moja na kutoa vipande. Kwenye magunia kulikuwa na madonge ya tope yaliyofungwa bado, mengine yakikoroma.

Niliingia katikati nikipiga kelele kuhusu sheria. Nikamnyang'anya mtu koleo, akalichukua tena taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Barua, si wewe uliyesema wapo? Sasa tumekuja kuwaona."

"Nilisema msiwaguse."

"Hilo hukulisema," akasema, na alikuwa na haki. Nililihutubia kila jambo isipokuwa hilo. Sikudhani ni jambo la kusemwa.

Nikasimama juu ya tundu moja, miguu miwili. Aliyekuwa analitaka ni yule mama aliyeuliza kwa adabu. Aliweka jembe chini, akaegemea mpini.

"Simama tu, baba," akasema. "Mimi nitangoja. Nina watoto watatu na tangu Jumanne tunakula majani. Wewe utachoka kabla yangu."

Kwa manispaa nilikuwa na jibu. Kwa afisa nilikuwa nalo, na kwa Rangi ninalo kwenye kila mfuko. Kwa yule mama nilipekua kichwani kuanzia ukurasa wa mia na kumi na mbili mpaka mwisho, sikuambulia neno. Ningeweza kumwambia samaki ana haki yake. Angeniuliza, na mimi? Na lote lingekuwa kweli, la kwangu na la kwake, na jembe lingekuwa bado liko kati yetu. Nikasimama pale robo saa. Halafu nikatoka. Sina sababu nzuri ya kutoka. Nilitoka tu.

Lakini kwa wale wengine, waliokuja na mizani na gari la kubebea, sina kigugumizi. Niliwajua sura, na nimeandika.

Afisa alifika adhuhuri, akaona, akakaa kwenye tairi chakavu. Ripoti mpya alikuwa nayo, imechapwa, imegongwa muhuri asubuhi ile ile. Akanipa niisome. Viumbe hai: samaki aina ya kamongo. Faida kwa jamii: hapo palikuwa wazi.

"Niliacha wazi," akasema. "Nilisema nitapigana nao kuhusu hilo. Mara ya kwanza katika kazi yangu."

"Basi ipeleke."

"Mzee, nipeleke nini? Wakija kukagua watakuta mashimo." Akatoa kalamu, akaitazama, akaandika pale palipokuwa wazi: kitoweo. Chini yake, kwenye hali ya sasa, akaandika: wamekwisha kuvunwa. "Ungeniita tuje wawili tu," akasema bila kuniangalia. "Mimi na wewe. Ningekuamini."

Nimeshatukanwa na wakuu wa idara wanne na hakuna lililoniingia kama lile.

Jumamosi nilishindwa kufanya kazi. Rejeta zilirundikana mlangoni, maana birika lilikuwa na mwenyewe. Kila baada ya dakika chache aliinua pua, akavuta pumzi yake, akashuka. Wateja walichungulia. Wote waliuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: unamfuga wa nini? Nilimjibu wa kwanza kwa hoja, wa pili kwa hasira, wa tatu nikamfungia mlango. Rangi alipita mara tatu. "Utamla lini?" akauliza mara ya tatu. "Maana kama unasubiri anenepe, mpe basi chakula."

Jumapili asubuhi dada yangu alikuja na ndoo ya mfuniko na gunia lililoloweshwa. Hakusema nilikwambia. Kwa dada yangu hiyo ni zawadi kubwa, na nilimchukia kidogo kwa kunipa.

"Kuna mahali?" akauliza.

"Papo. Pana maji mwaka mzima."

"Nani anapajua?"

"Mimi."

"Na hujapaandikia barua?"

"Bado."

"Basi usipaandikie."

Tulikwenda tukipokezana ndoo. Samaki alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mara mbili alijipinda mle ndani mpaka dada akaguna na kubadili mkono. Tulitembea muda gani, na upande gani, sitasema hapa, na wala kwenye sanduku la bati hutaikuta nakala. Tulipofika tulilaza ndoo ubavu kwenye matete. Akatoka polepole, akajaribu tope kwa pua, akaenda. Hakugeuka. Sikuona sababu ya yeye kugeuka. Dada yangu alinawa mikono, akasema maji ni ya baridi, tukarudi. Njiani nilitaka kusema kitu kuhusu yaliyotokea na kila nilipoanza niliona kinageuka hotuba, nikanyamaza.

Jumatatu saa tatu lori la kwanza likarudi nyuma hadi ukingoni, likainua bodi, likamwaga. Kifusi cha matofali na vigae vya choo cha mtu. Vumbi likaja hadi kwenye meza yangu. Nikachukua rejeta ya kwanza kwenye rundo, nikaizamisha.

Rangi akasimama mlangoni, akachungulia birika.

"Yuko wapi mwenzako?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari mdomoni, yote marefu. Nikamtazama. Nikatazama nyuma yake, wateja wawili walioinua shingo wasikie.

"Nimemla," nikasema.

Rangi akatoa pumzi, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi juu yangu siku zote hizo. "Afadhali," akasema. "Angalau hakwenda bure. Alikuwa na ladha gani?"

"Dizeli."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi kwenye mlango wa gari aliokuwa anaupiga msasa, na lori la pili likaanza kurudi nyuma likipiga king'ora chake.